Nilivyomuua Mjomba kwa Mistari Mitatu

Jumatatu, Somanga. Mawingu yamekaa tangu alfajiri, mvua hainyeshi na jua halitoki. Mabasi yanapita bila kusimama. Kapu langu la korosho limejaa vilevile nilivyolitoa nyumbani, basi nimekaa kibandani naandika.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ndiye fundi wa hadithi za kutisha kuanzia hapa mpaka Lindi mjini, na kama yupo mwingine ajitokeze tupimane. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Lakini nipe jini, nipe kaburi, nipe paka anayeita watu kwa majina, utalala taa inawaka. Mashairi nayo nayamudu. Nyie wasomi wa vina na mizani mnaonicheka, ya kwenu yanasomwa na nani?

Haya, maringo ya leo ni hayo tu. Hata hayo nimeyalazimisha.

Nimemuua mjomba wangu.

Tulia. Yuko hai. Nimemwacha asubuhi kitandani, uso kaugeuzia ukutani.

Mjomba Selemani ni kaka yake mama, anaishi kwetu tangu walipomkata mguu kwa sababu ya sukari. Ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo namsomea, na pale wengine wanapopiga mayowe yeye anacheka. Wiki iliyopita akaniambia, "Mpwa wangu, kila siku unaua watu baki. Niweke na mimi bwana, nife vizuri."

Nani anakataa ombi kama hilo? Ijumaa nikaandika. Nilitaka ianze kama tanzia yenyewe, msomaji aamini kwanza, halafu nimgeuzie kibao. Nikaitupia kwenye grupu la ukoo:

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mzee wetu Selemani wa Somanga ametutoka leo baada ya kuugua muda mrefu. Mazishi ni kesho baada ya swala ya adhuhuri."

Baada ya hapo ndipo palipokuwa panasema kwamba waosha maiti walipoufunua mwili, maiti ikawaomba maji ya uvuguvugu. Mstari mtamu ule, jamani. Lakini simu zenu hizi zinaonyesha mistari mitatu, kisha chini yake yanakuja maneno mawili: soma zaidi.

Hakuna aliyebonyeza.

Na nani abonyeze? Kwetu mtu akiona Innalillahi hasomi zaidi, anatafuta nauli. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilijisahau kwa kujiona fundi. Na simu yenyewe ikaisha chaji, umeme haukuwepo, mimi huyo nikaenda barabarani na korosho zangu.

Jumamosi asubuhi mjomba yuko barazani anakunywa uji wa mtama, bodaboda zikaanza kuingia uani. Ndugu wa Miteja walishuka wakilia. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, "Nani amekufa? Jamani, nani amekufa?" na yeye mwenyewe akaangua kilio kabla hajajibiwa.

Aliyeelewa kwanza ni Bi Zuhura wa Njinjo. Huyu ni mtani wetu, yeye Mngindo sisi Wamatumbi, na msibani mtani hana adabu. Ndiyo kazi yake. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza, anasema maneno mabaya mpaka wafiwa wacheke. Alikuja kamili, sanda kaifunga kiunoni, karafuu maiti kwenye kikopo. Akamtazama mjomba. Akautazama uji.

"Selemani, lala chini."

"Nilale na uji haujaisha?"

"Lala! Nimekaa kwenye pikipiki tangu gizani, nimekula matope mpaka masikioni, halafu unanipokea na bakuli? Mguu wako ulishatangulia, wewe unasubiri nini?"

Mjomba alicheka mpaka uji ukammwagikia. "Nizike nusu, Zuhura. Nusu nyingine imalizie uji."

Nilipofika na kapu langu nikasema, "Shikamoo, bibi." Akanijibu, "Marahaba, muuaji." Mama akanizaba kofi mbele ya ukoo mzima, mimi na ndevu zangu hizi. Halali yangu. Mchele wa matanga ukapikwa, ukageuka wa sherehe, na nikiri tu, moyoni nilijiona bingwa. Hadithi ya nani nyingine imewahi kumtoa mtu Njinjo kwa pikipiki?

Ingeishia hapo.

Bi Zuhura akatoa simu yake, akaanza kumsomea marehemu salamu za rambirambi. "Sikiliza sifa zako. Huyu anasema ulikuwa mkarimu. Mwongo, hajala kwako hata tembele!" Watu hoi. "Huyu anasema umeacha pengo. Pengo gani, la meno?" Mjomba anajifuta machozi kwa kicheko. Bi Zuhura akashuka chini zaidi, akasoma kwa sauti ileile ya kejeli kabla hajatazama jina:

"Poleni sana. Huku kazi zimebana. Zikeni tu, msinisubiri. Halafu huyu kaweka na picha ya mikono miwili ya dua."

Ndipo akatazama jina.

Ni Fadhili. Mtoto wa pekee wa mjomba, yuko Dar, aliondoka hapa hajaota hata ndevu. Bi Zuhura akaifunika simu kwenye paja.

"Nani huyo?" mjomba akauliza.

Bi Zuhura akaanza kuifungua sanda kiunoni.

"Ni Fadhili?"

"Labda hakuelewa, Selemani," Bi Zuhura akasema. Alisema hivyo bila utani wowote, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaelewa," mjomba akasema, akalisukuma bakuli.

Nimeandika misukule. Nimeandika mama aliyenyonyesha fuvu. Sijawahi kuandika kitu cha kutisha kama ile mikono miwili.

Nilimtumia ujumbe Fadhili: kaka, baba mzima, ilikuwa hadithi yangu tu. Tiki za bluu zikawaka. Mpaka sasa hajajibu.

Jana mjomba hakula, wala dawa zake za sukari hakuzigusa. Mama akambembeleza, "Kaka, meza basi." Akamwambia maiti hamezi dawa. Angecheka angalau. Hakucheka.

Usiku sikulala, nikatunga hili. Grupuni silipeleki.

Nimekufa niko hai, uji wangu nanywa moto,
Waliaji wanidai, nijilaze bila mto,
Wageni nawapa chai, wamejaa kama mto,
Namtazama njiani, hajatokea mtoto.

Mto wa kwanza wa kulalia, wa pili wa maji. Sijasomea mimi.

Leo asubuhi nimeingia chumbani kwake, vidonge mkononi, maji kwenye kikombe. Hakugeuka. Akasema na ukuta, "Ile hadithi yangu. Nikishaoshwa, naenda wapi?"

"Unafufuka, mjomba. Unawala waliochimba kaburi."

"Waache hao, wana kosa gani? Nipeleke Dar."

Nikamwambia ameze kwanza. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akameza. Basi nikamtungia papo hapo: maiti imetoka kaburini na sanda yake, imeshika barabara ya lami kwa mguu mmoja, madereva wanafumba macho. Nilipofika Nyamwage nikasema hadithi iliyobaki ni ya kesho, baada ya vidonge.

Sasa mmeelewa kwa nini niko hapa naandika wala siuzi. Kesho nimvushe daraja la Rufiji, polepole, upepo umsumbue. Halafu Ikwiriri. Halafu Kibiti, pale nimtafutie mbwa wa kumzuia. Mkuranga nimnyeshee mvua. Maiti ya mguu mmoja haina haraka, na kila kituo ni vidonge vya siku nyingine.

Lakini barabara hii siwezi kuirefusha kila siku. Mwisho wake kuna mlango wa Fadhili, na mjomba ananijua, anajua ninavyochelewesha. Nilipokuwa natoka aliniuliza, uso bado ukutani:

"Nikigonga, atafungua?"

Fundi wa hadithi za kutisha kutoka hapa mpaka Lindi. Nilisimama mlangoni na kikombe kitupu. Nikasema, "Bado hujafika, mjomba."

Kesho ataniuliza tena.