Siku Zilizo Ukutani

Bukavu, 9 Machi 1975

Kwa Yaya Emérence, Nyangezi,

Jambo sana, Yaya, dada yangu mkubwa. Nimeandika jina lako la ubatizo makusudi. Limekatazwa kwenye karatasi za serikali, lakini hii si karatasi ya serikali. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya mvua? Watoto wamepona surua? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Barua hii utaipokea mkononi mwa Masere Madeleine, yule mtawa anayetembelea wafungwa. Ukishaisoma, itie motoni.

Najua unataka habari za Polycarpe kabla ya yote. Mwanao ni mzima. Amekonda, lakini hajapigwa tena. Tangu akamatwe kwa ule ugomvi wa barabarani kule Luberizi, bado hajafikishwa mbele ya hakimu, na bado analala katika chumba kikubwa pamoja na wauaji, chini ya kapita, mfungwa anayewatawala wenzake kwa fimbo. Kijana mmoja wa Bagira alivunjwa mkono humo kwa sababu ya blanketi.

Ndiyo maana nilifurahi mno biro yetu, ofisi ya wachoraji wa majengo, ilipopewa kazi ya kuchora jengo jipya la gereza. Mkuu wa gereza, Citoyen Mushagalusa, ni mtu wa kusikiliza. Nilimwambia vijana watengwe na wazoefu, vyumba viwe vidogo, milango yote itazame pale mlinzi anapokaa ili awaone bila kuwapigia kelele, na katikati kuwe na karakana ya useremala, maana mtu anayeshinda bure anatoka mbaya kuliko alivyoingia. Alikubali yote. Aliahidi kwamba paa likishapanda, Polycarpe na vijana wenzake watahamia humo siku hiyo hiyo.

Ukuta wa nyuma ndio ulionitia matatani. Umepakana na viwanja vya watu, na sheria hairuhusu kufungua dirisha la kumchungulia jirani. Inaruhusu kitundu cha juu tu, chenye nondo, kiingize mwanga na hewa. Wajenzi kwa Kifaransa wanakiita jour de souffrance: jour hapa ni mwanga, na souffrance maana yake jirani anakivumilia. Lakini mtu asiye mjenzi ataisoma jour kuwa siku, na souffrance kuwa mateso. Unanijua na maringo yangu ya Kifaransa. Badala ya kuandika dirisha dogo, niliandika jina lote, kwa herufi nzuri, juu ya kila chumba.

Ramani ilipofika kwa mkubwa mmoja wa usalama, alisoma siku ya mateso, siku ya mateso, ukuta mzima. Waliniita. Aliniuliza ni nani aliyenituma kuandika kwamba katika nyumba ya Serikali watu wana siku za mateso. Nilimweleza tena na tena. Niliomba nilete­we kamusi. Alisema kamusi imeandikwa na Wabeleji. Niliogopa, Yaya. Nikakubali kubadili jina. Alifikiri kidogo, akasema jina litafutika lakini matundu yatabaki, na kila atakayeyaona atakumbuka kilichoandikwa. "Futa hizi siku yote," akaniambia, "weka sinyatire, rudia kwako."

Kalamu ya kutia saini ilikuwa mbele yangu. Bila vile vitundu, vyumba nilivyochora ni kasho tu, mashimo ya adhabu yenye giza mchana na usiku, na wa kwanza kutiwa humo ni mwanao. Nilikataa. Usinisifu, haukuwa ushujaa. Hasira ilinipanda kwa lile neno lake juu ya kamusi.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Siandiki kutoka nyumbani. Niko ndani, katika chumba kile kile. Polycarpe analala upande wa ukuta, mimi upande wa kapita. Wangeweza kumtafuta mchoraji mwingine, lakini wanataka mkono ulioandika ndio ufute, na mafundi wamesimamishwa mpaka nijibu. Kila asubuhi naletewa ramani na kalamu. Nikifuta, natoka. Mke wangu Colette anajua nimefungwa. Hajui kwamba mlango uko wazi na mimi ndiye ninayekataa kutoka. Ana mimba, Yaya. Hilo la kukataa kutoka nitamwambia mwenyewe, sijui kwa maneno gani.

Jumapili utakapoleta chakula, leta cha watu wawili. Utanikuta nimechafuka, utalia, na moyo utakutuma uniombe niweke saini nirudi kwa mke wangu. Wewe ndiye uliyenilea. Ukiniomba, nitaweka. Kwa hiyo nakusihi, usiniombe. Tukae tuongee habari za maharagwe.

Nisalimie shemeji, watoto, na wote wa Nyangezi wanaoniulizia. Pokea heshima na mapendo ya mdogo wako,

Bisimwa