Kasa Aliyerudi Kutaga

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Ujiji. Sisi wazima. Ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, hivyo mama yako anauza mihogo badala ya dagaa.

Umeniuliza kama nakuona mjinga kukaa huko Mafia ukilinda mayai ya kasa, wakati vitoto vikianguliwa vinakwenda zao baharini na wala havikujui.

Nami niliwahi kuishi huko, babu yako alipopangiwa kazi. Nilikuwa na mimba ya mama yako, nikisubiri safari ya kurudi Ujiji nijifungulie kwa mama. Asubuhi moja ufukweni nikakuta wavuvi wawili wamempindua kasa chali, wananoa kisu.

"Katoka wapi huyu?" nikauliza.

"Mbali, ng'ambo huko," mkubwa wao akajibu. "Lakini kazaliwa hapa hapa. Hurudi kutaga walikozaliwa."

Nikakaa mchangani kando ya kasa, nikasema, "Basi mwacheni atage."

Wakacheka, wakaniambia niondoke. Sikuondoka. Yule mkubwa akalitazama tumbo langu, akamtazama kasa, akarudisha kisu kiunoni. Tukamgeuza pamoja, tukampisha.

Sijui kama alirudi tena, na hakunijua. Ila niliposhuka stesheni ya Kigoma nikamkuta mama yangu ananingoja, kasa yule ndiye aliyenijia akilini.

Kaa huko, mjukuu wangu. Anayerudi kwao kuzaa apate mtu wa kumpisha.

Ni mimi bibi yako,
Mwajuma