Sinema Isiyo na Watu

Nyamugari, Gitega
Jumanne, 10 Novemba 1998

Kwako dada yangu mpenzi Swabra,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Waziri na watoto, na kwamba huko Muyinga bado mnalala majumbani mwenu. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ingawa siku hizi mtu akikwambia ni mzima anamaanisha tu kwamba ameamka. Mi situlii hata kidogo. Naandika mistari miwili, nasimama, nachungulia barabarani, narudi.

Uliniuliza kama nimeuza kinanda, na kama mimi na Baba tumepatana. Kinanda sijauza. Usinune kwanza, soma. Tangu niache dufu za maulidi nikaenda kupiga harusini, Baba alikuwa hanisemeshi, na we unamjua akishasema neno lake. Nikimpelekea chakula, anamwambia jirani yetu Uthmani aitikie salamu yangu, kana kwamba mi ni ukuta. Na harusi zenyewe ziko wapi? Kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, inaingia mapema, watu wanaoana mchana haraka haraka, kila mtu anarudi kwake. Ndipo akatokea Magloire.

Magloire ni Mkongomani wa Bukavu. Alikimbia vita vyao akaja kwenye vita vyetu. Anatunza ukumbi mmoja hapa mjini wenye mashine ya sinema. Filamu zenye watu alikatazwa kuonyesha, maana mtu akipigwa tu kwenye kitambaa cha sinema, ukumbini wanaanza kuulizana yule ni kabila gani. Ikabaki mikanda aliyoiacha mwalimu mmoja Mzungu. Usicheke, dada: haina mtu, haina nyumba, haina hadithi. Mistari inakimbia, madoa yanavimba, rangi zinamezana, basi. Tena bubu kabisa. Magloire akaniambia watu hawawezi kukaa kimya gizani siku hizi, kila mmoja anasikiliza nje. Akaniomba niitilie muziki ili wasikilize ndani.

Kazi hiyo ilinitoa jasho! Harusini unamwangalia bibi harusi, unajua upige nini. Hapa unaangalia doa. Mistari ilipoanguka nikapiga mbio mbio, Magloire akasimamisha mashine, akasema hizo ni risasi, nitaua watu kwa hofu. Nikapunguza. Madoa mekundu nikayapa rumba, ya njano nikayabembeleza kama mtoto. Tukafika mkanda wa mwisho: duara jeupe linaanza dogo kabisa, linakua mpaka linajaza kitambaa chote. Hapo kila nilichojaribu kilikataa.

Jumapili mchana ukumbi ukajaa, watu wa Nyamugari na wa mitaa mingine. Namwona nani benchi la mbele? Baba, amemshika Uthmani mkono! Nikadhani amekuja kuniaibisha mbele za watu. Nikapiga hovyo, hata rumba nikaiharibu. Likaja lile duara. Linakua, na mi sina kitu kichwani. Wallahi sikukusudia: vidole vikashika vyenyewe sauti ya kiyamu, ile sehemu ya maulidi ambapo wote husimama. Sisi watoto wa Nyamugari tumekua nayo, ningepata wapi nyingine?

Baba akasimama. Akaanza kusoma kwa sauti yake ile ya zamani, na Waislamu wenzake, kwa mazoea tu, wakasimama wote kwa pamoja. Sasa fikiria wale wengine. Wako gizani, ghafla nusu ya ukumbi inasimama. Wakajua tumevamiwa, wakatoka mbio. Wetu walipoona wenzao wanakimbia, nao wakakimbia, Uthmani akiwa wa mbele. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa hapa wamejifunza kukimbia kimya. Mabenchi yaligongana kidogo, spika ya kinanda ikafunika kishindo, ukumbi ukabaki mtupu.

Baba hakugeuka. Nikaogopa kuacha, nikapiga mpaka duara likaisha na Magloire akawasha taa. Baba alipotaka kukaa alipapasa nyuma, na benchi lilikuwa limeanguka. Nikamdaka. Akauliza huyu ni nani. Uso wangu ulikuwa mbele ya uso wake kabisa.

Dada, Baba haoni. Anatofautisha mwanga na giza, basi. Tangu lini, sijui. Maulidi yote yako kichwani mwake, hahitaji kitabu, nani angeshtuka? Nilipomwambia ni Husni, alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema lile duara ameliona, lote, na kwamba muziki wake ndio huo huo. Kisha akauliza mbona watu wako kimya. Nikamwambia wamesimama, wanamsubiri yeye akae. Akasema basi wakae, wamechoka. Nikaugeukia ukumbi mtupu nikawaambia kaeni, jamani. Na Magloire kule nyuma, bila mi kumwambia neno, akaanza kuburuta mabenchi, moja baada ya jingine.

Mpaka leo sijamwambia ukweli. Na ananisemesha, dada! Ananisemesha asubuhi mpaka jioni, nami nafurahi huku roho inanidunda asije mtu akaropoka. Barabara ikifunguka njooni mumwone, lakini tafadhali, msimwonyeshe kwamba mnajua watu walikimbia.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Baba yuko hapa kando, anakusalimu sana. Ameniagiza nisisahau kukuandikia kwamba siku ile watu walijaa, na hakuna hata mmoja aliyekaa kabla yake.

Ni mimi mdogo wako,
Husni