Vikopo Nilivyovikusanya

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila kazini moto umewaka. Mteja mmoja wa saluni kapaka mafuta yako ya midomo, midomo ikavimba na kutoka malengelenge. Bosi kaniuliza nani katengeneza. Nikasema ni wewe, na kwamba siku hizi huoni vizuri, huenda ulikosea vipimo. Usijali, wamenielewa. Ila usitume tena.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Nilipima upya nta ya nyuki na mafuta ya nazi, nikajipaka siku tatu. Midomo yangu haikuwasha hata kidogo. Lakini wewe ulimwona mgonjwa, na macho yangu ndiyo hayo. Nimepita nyumba ishirini na mbili kuomba radhi na kukusanya vikopo vya mafuta niliyowauzia majirani. Yule mshonaji, ambaye midomo ya binti yake hupasuka akikosa mafuta yangu, alikataa kukitoa chake. Nikamnyang'anya. Sufuria ya kuyeyushia nta nimeigawa, sitatengeneza tena. Nimeaibika, lakini bora aibu kuliko kumdhuru mtoto wa mtu.

Mama

30 Mei

Mama,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa. Barua hii nimeiandika mara tano nikaichana. Mafuta yako hayakuwa na kosa. Wateja walilalamika hayanukii, nami nikayayeyusha upya nikatia mafuta ya mdalasini, yale yanayochoma, ili midomo ionekane imejaa. Ulinikanya tangu utotoni kwamba ngozi nyepesi haitaki manukato. Nilijua kosa ni langu siku ile ile. Niliogopa kufukuzwa, nikakusingizia kwa kuwa uko mbali. Juzi nimemwambia bosi ukweli, na kazi sina. Naona haya hata kuandika neno mama.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nimeitikia, hasira bado ninayo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako naona uliipitia kwa kuzunguka. Mdalasini ningekusamehe siku hiyo hiyo. Kinachoniuma ni kwamba uliisoma barua yangu, ukajua nimepita nyumba ishirini na mbili, ukanyamaza.

Njoo Jumamosi. Tutazipita nyumba zote tena, tukianza kwa mshonaji. Wa kubisha hodi ni wewe, na wa kusema ni wewe. Mimi nitasimama nyuma yako, tena karibu, maana najua inavyouma.

Mama