Nyasi za Mayu Nyanjige

Kata ya Sapiwi,
Bariadi, Simiyu,
Tanzania.
11 Desemba 2022

Mpendwa Shangazi Apolonia,

Shikamoo. Habari za Wundanyi na baridi yake? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokuachia bado ipo au umeshawagawia wazee wote wa jumuiya? Mimi ni mzima. Mwezi wa tisa nilishikwa na malaria, nikameza dawa siku tatu, ikaisha. Nimekonda kidogo. Akija mtu kukuambia nimekonda sana, usimwamini.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hushika mtandao ukiwa umesimama pale kwenye mkaratusi tu, na ninayotaka kukueleza ni marefu kwa mtu mwenye goti bovu. Nimempa mwenzangu wa kujitolea anayerudi Voi, akuletee mkononi.

Bado naishi kwa Mwalimu Esteria, yule anayefundisha shule ya msingi hapa kijijini. Naamka saa kumi na moja, nachota maji lamboni kwa baiskeli, madumu manne, kisha naelekea kitaluni. Tuna miche elfu tatu ya migunga, miarobaini na mikorosho. Mikorosho imegoma, mingine inakwenda vizuri. Mchana nafundisha kilabu cha mazingira shuleni. Jioni tunakula ugali na mlenda, au michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Nimevizoea hata naviomba.

Kusalimia kumenitesa kuliko kazi. Hapa msichana akikutana na mtu mzima hupiga goti, hata njiani, hata akiwa na ndoo kichwani. Mimi na miaka yangu ishirini na saba ni msichana tu. Asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na kila salamu ina maswali yake ya nyumba, watoto na ng'ombe. Siku za kwanza nilikuwa nachelewa kazini kwa sababu ya kusalimia, wao wakanicheka kwa sababu ya kuharakisha.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana najua habari zitakufikia kwa njia nyingine zikiwa zimeongezwa chumvi.

Mwezi wa nane jua lilikuwa kali na miche ilihitaji matandazo. Kando ya shule kuna uwanda wenye nyasi ndefu, nzuri, hazijaguswa, wakati pote pengine palikuwa vumbi tupu. Hakuna uzio, hakuna kibao. Nikasema moyoni, bahati gani hii. Nikachukua wanafunzi arobaini na mundu zao, tukakata siku mbili mfululizo. Shangazi, wewe ndiye uliyenilea nikikata majani ya ng'ombe shambani kwako kila jioni. Kwetu ukikata Jumatatu, wiki ya tatu yameshaota tena. Hapa nyasi zikikatwa mwezi wa nane, hazioti mpaka mvua.

Ile ilikuwa ngitili ya mjane mmoja anaitwa Nyanjige, ambaye watu humwita Mayu, yaani mama. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, hakuna mfugo unaoingia, ili kiangazi kikikaza ng'ombe dhaifu na ndama wapate cha kula. Mipaka yake kila mtu anaijua, ndiyo maana hakuna anayeweka uzio. Wanafunzi wote arobaini walijua. Nilipowauliza baadaye kwa nini hawakuniambia, wakashangaa swali. Mwalimu amesema kateni, kwa hiyo mwalimu ameshaomba ruhusa. Mtoto gani atamuuliza mkubwa kama ameomba? Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini aliyepaswa kuuliza nilikuwa mimi.

Mayu Nyanjige alikuwa ameenda kumwuguza dada yake huko Lalago. Aliporudi alikuta nyasi zake zimelala juu ya vitalu vyangu, zimeshaanza kuoza. Ng'ombe wake wengine mpwa wake alikuwa ameshawapeleka mbali kutafuta malisho. Nyumbani alikuwa amebakisha mmoja tu, jike jekundu lenye ndama anayenyonya, kwa ajili ya maziwa ya wajukuu. Huyo ndiye aliyekuwa amewekewa zile nyasi.

Kikao kilikaliwa kwa mzee Luhaga, mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilipiga magoti mchangani, na safari hii sikuharakisha. Wengine walisema ni mgeni, asamehewe. Mzee Luhaga alikataa. Alisema ngitili ikivunjwa na mgeni ikaachwa, kesho itavunjwa na mwenyeji, kwa hiyo nitoe faini kama mtu yeyote. Hapo ndipo Mayu alipoongea, kwa sauti ya chini kabisa.

"Faini haitafunwi," alisema. "Huyu mtoto ana miguu na ana baiskeli. Amlishe ng'ombe mpaka mvua inyeshe."

Basi nikawa mchungaji. Kila jioni baada ya kazi nilizunguka na baiskeli kuomba mabua ya mahindi, majani ya viazi, chochote, hadi huko mbali ambako hawakunijua. Posho yangu ya mwezi wa kumi iliishia kwenye mashudu ya pamba. Watu walinitania njia nzima, wakaniita mama mwenye ng'ombe mmoja. Nilicheka nao, lakini nikirudi chumbani nilikuwa nalia. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, kwa sababu hakuna aliyenitukana. Mayu mwenyewe alikuwa akinipa maji ya kunywa kila nikifika, na kuniuliza kama nimekula. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji wangu nilimletea ugonjwa.

Mvua za mwezi wa kumi hazikuja. Mwanzoni mwa Novemba yule ng'ombe alilala chini akashindwa kuamka. Hapa ng'ombe akifikia hali hiyo majirani huja asubuhi kumwinua, wawili wanapitisha mti chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, mwingine pembe. Akishasimama hujikongoja, hula kidogo, kesho yake tena yuko chini. Tulimwinua siku kumi na saba. Mwalimu Esteria alikuja kabla ya kwenda shule, mzee Luhaga naye alikuja, ndiye aliyenifundisha kushika mkia bila kuuvunja. Nilijua uzito wa yule ng'ombe kwa mabega yangu, na nilijua kila siku ulivyokuwa ukipungua.

Siku ya kumi na nane hakutaka tena. Mayu alimtazama, akamwambia Luhaga alete kisu kabla hajajifia. Ilikuwa tarehe ishirini na nne. Mvua ilinyesha tarehe ishirini na nane.

Siku nne tu, Shangazi. Nimezihesabu mara nyingi kuliko inavyofaa. Nyasi tulizokata siku zile mbili, zilizooza kitaluni kwangu, zingetosha kumvusha.

Ndama yuko hai. Nampa uji wa pumba asubuhi na jioni, na sasa anayatambua makelele ya baiskeli yangu.

Jana Jumamosi, Mayu alituma niitwe. Nilidhani ameshanichoka, na kwa kweli mkoba wangu nilikuwa nimeshaupanga, maana mkataba wangu unaisha tarehe ishirini. Nilimkuta kwenye uwanda ule, nyasi mpya zimeota kimo cha kidole. Mzee Luhaga alikuwepo na majirani, na wanafunzi wangu wengi. Mayu akanishika mkono tukazunguka mpaka wote kwa miguu, kutoka kichuguu hadi mgunga uliopinda, hadi njia ya lamboni, na kurudi. Kisha akawaambia watu kwamba ngitili imefungwa.

"Mwaka huu mlinzi ni huyu," alisema. "Nyinyi wote mnajua mipaka. Huyu peke yake ndiye anajua kinachotokea ikivunjwa."

Nilitaka kusema kwamba nakwenda nyumbani, Shangazi, na kwamba umeshatandika kitanda changu. Badala yake nilipiga goti, nikasema, "Wabeja, Mayu," yaani asante, akaniinua.

Nimeomba mkataba uongezwe mpaka mwezi wa nane. Krismasi sitakuja. Najua utakasirika, na una haki, kwa sababu niliahidi. Mwambie binamu Joakim asiendelee kumnenepesha yule mbuzi kwa ajili yangu, amchinje, mumle, na anayelala kitandani kwangu asiogope kukichafua.

Nisalimie Mjomba Ndalahwa na nyumba yake, Felisita mdogo aliyepewa jina langu, na mama zetu wote wa kwaya. Mungu akulinde, akuponye goti, na awape mvua inayotosha bila kuporomosha vilima.

Mtoto wako akupendaye, aliyeko ugenini bado,

Felisita