Siku Niliyoizima Programu

Dada yangu muuguzi,

Sisi tu wazima. Ofisini tumehamia chumba chenye dirisha.

Programu yangu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa ilikuwa imeshika kasi. Jumatatu mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, imeniambia nimeze tena vidonge nilivyokwisha kumeza."

Hakudhurika, lakini nilikagua kumbukumbu za wagonjwa wote papo hapo. Mshirika wangu akasema, "Turekebishe kimyakimya. Nani atajua?"

Nikaizima. Kisha nikawapigia wagonjwa wote arobaini na mmoja waliopewa saa zisizo sahihi, nikawaomba radhi. Mshirika wangu ameondoka. Yule mama hunipigia kila asubuhi, kuniuliza kama nimekula.

Kosa nimelirekebisha, ila kuiwasha nasita. Niambie kweli, dada: ungenikabidhi wagonjwa wako?

Mdogo wako akupendaye