Vifuko Visivyo na Rangi

Ruaruke, 9 Februari 1993

Dada Biasha,

Salaam aleikum. Huku wazima, ila mama kifua kinambana. Sijui wewe na masomo yako ya udaktari.

Muzdalifa amejifungua mtoto wa kike, Mwamini. Mweupe kabisa, nywele kama katani. Mama anasema huko Mloka kwao Muzdalifa wazungu wa mbugani hawakosekani. Nimemrudisha kwao pamoja na mtoto. Nipe ushauri kabla sijaandika talaka.

Mdogo wako,
Mtoro

Dar es Salaam, 21 Februari 1993

Mdogo wangu Mtoro,

Wa aleikum salaam. Nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako. Unafukuza mzazi ambaye arobaini yake haijaisha, ndipo unaomba ushauri?

Mtoto ni albino. Ngozi ya juu imejengwa kwa seli, vijichumba visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli zako mna vifuko vidogo mno vya rangi nyeusi. Seli nyingine zilizo chini yake ndizo zinazovitengeneza na kuzigawia hizo za juu. Vikifika, vinajikusanya juu ya kiini cha seli na kukikinga na jua. Mwanao anavyo vifuko hivyo, ila havina rangi. Na hitilafu hiyo kairithi kwenu wote wawili. Mzungu haingii hapo.

Kamrudishe mkeo.

Dada yako,
Biasha

Ruaruke, 3 Aprili 1993

Dada,

Salaam nyingi. Mama hajambo, anakusalimu. Nimemsomea barua yako. Anauliza, kama vifuko vya Mtoro vimejaa, amempaje mtoto vitupu? Na mimi nauliza hivyohivyo.

Mdogo wako,
Mtoro

Dar es Salaam, 15 Aprili 1993

Mtoro,

Mimi mzima, nimechoka tu. Soma polepole, usimsomee mtu. Hukumrithisha vifuko, ulimrithisha maelekezo ya kuvitia rangi. Wewe unayo mawili: moja zima, moja bovu. Hilo zima limekutosha. Muzdalifa naye ni hivyohivyo. Kila mzazi humpa mtoto moja tu, na wenu kaangukiwa na mabovu yote mawili.

Wewe na mama mnauliza maswali, na jua la Mloka linamchoma mwanao asiye na kinga. Nimenunua mitumba: kofia pana na vigauni vya mikono mirefu. Mzigo umeshuka Kibiti kwa mjomba Shaabani. Uchukue, uupeleke mwenyewe. Usipokwenda, usiniandikie tena.

Biasha

Mloka, 2 Septemba 1993

Dada Biasha,

Salaam aleikum. Mimi mzima, naomba na wewe uwe hivyo. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa naona haya.

Nilimkuta Muzdalifa juu ya dungu shambani akiamia nyani wasile mazao, mtoto mgongoni, masikio yamebabuka. Akaniuliza, "Umeleta talaka?" Nikasema nimeleta nguo. Nikaanza kumweleza habari za vifuko. Akanikatiza: "Kamweleze mama yako. Mimi baba wa mtoto nilikuwa namjua."

Nimepewa chumba kwa jirani. Sasa mimi ndiye ninayeamia, wao wanashinda kivulini. Baba mkwe haitikii salamu yangu. Mama ametuma watu kusema nimerogwa, nami sijarudi.

Jana Muzdalifa alinipa Mwamini nimshike, akaenda kuteka maji. Aliporudi alitua ndoo, akakaa kando yetu. Hakumchukua mpaka mtoto alipolala.

Mdogo wako,
Baba Mwamini